Hedhi Isiyokuja kwa Wakati Wake

Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa ya kina mama mama mmoja alimsifu binti yake mbele ya wenziwe, kwamba miaka mitatu mfululizo binti huyo amefunga Ramadhani kamili, tangu mwandamo hadi mwandamo, bila ya kubakisha deni la siku hata moja. Wenziwe wakasema Mashaallah. Bibi anayesomesha darsa ile hakusema neno pale pale, lakini walipokuwa wakitoka alimvuta kando akamwuliza: "Mama, binti yako ana umri gani?" Akajibiwa kuwa ana miaka 20. "Basi hedhi yake huipata lini?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa humjia mara mbili au tatu kwa mwaka, naye aliona ni kheri, kwa kuwa mtoto apata kusali na kufunga pasi na kukatizwa. Lililokuwa likimtia huzuni si hilo, bali ni nywele zilizomuota binti kidevuni, hata ameacha kwenda arusini, na hata nyumbani hukaa na ushungi mbele ya shangazi zake. Kwa ajili ya nywele hizo alikwisha kumpeleka kwa mganga. Mganga akasema ni jini mahaba aliyemposa binti, wala hataki aolewe na mwanadamu. Akataka mbuzi, na marashi, na nguo, na pesa zisizopungua mshahara wa mwezi.

Mama huyo ametupa ruhusa tuyaandike haya bila ya jina wala mtaa. Nasi twayaandika kwa kuwa twajua si yeye peke yake. Tunalotaka kulisema ni hili: hedhi ni khabari ya mwili ambayo sharia imetuamrisha kuihesabu, na mwenye kuihesabu sawasawa hupata kuyatambua maradhi mapema, na kumwendea tabibu ili maradhi yajulikane kwa jina lake ni katika dini, wala si katika kukosa haya.

Yaangalieni mambo ya wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.). Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Fatima binti Abi Hubaish alimwendea Mtume (s.a.w.) mwenyewe, akamweleza kwamba damu haimkatiki, akauliza kama aache kusali. Mtume (s.a.w.) hakumkemea, wala hakumwambia kuwa maneno hayo hayasemwi mbele ya wanaume. Alimfahamisha kwamba damu ile yatoka katika mshipa, si hedhi. Akamwamrisha aache sala katika siku za hedhi yake, na zikipita ajioshe damu na asali. Mtu na alitazame jibu hilo kwa makini. Mwanamke ameeleza hali ya mwili wake kwa uwazi, naye amepewa sababu ya kimwili na hukumu inayofuatana nayo. Leo sisi, tunaojidai kuwa na haya kuliko wao, binti zetu hukaa miaka mitano na jambo kama hilo wasimwambie hata mama.

Zamani katika miji yetu, binti akivunja ungo alikuwa na somo wake, aliyemfundisha kujitwahirisha na kukaa na mume. Lakini mengi aliyofundishwa yalikuwa ni namna ya kujificha, na machache namna ya kuhesabu. Na siku hizi hata somo hakuna. Binti hupewa pakiti ya pamba akaambiwa asicheze na wavulana, na khabari ikaishia hapo.

Sasa tuyaeleze maradhi yenyewe. Matabibu huyaita kwa herufi nne za Kizungu, P.C.O.S., na mwenye kwenda hospitali ni vyema azijue, kwani ndizo atakazozisikia. Maana yake ni mkusanyiko wa dalili unaofuatana na ovari zenye vivimbe vingi. Ovari ni zile tezi mbili za mayai alizo nazo kila mwanamke, moja kuume na moja kushoto mwa mji wa mimba. Na jina hilo lina kosa ndani yake, kwani vinavyoonekana humo si vivimbe hasa, bali ni mayai machanga katika vifuko vyake, yaliyoanza kukua kisha yakasimama njiani. Mwaka 1935 matabibu wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika khabari za wanawake 7 waliokuwa na hali hiyo, na tangu hapo ikawa ni maradhi yanayosomeshwa vyuoni. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwanamke kama 1 katika kila 10 wa umri wa kuzaa anayo, na kwamba hata 70 katika kila 100 ya wenye nayo hawajijui kuwa nayo.

Namna yanavyofanya kazi ni hivi. Katika mwili wa mwanamke mna homoni kidogo za kiume, na hilo ni jambo la maumbile. Mwenye maradhi haya huwa nazo zaidi ya kadiri. Mara nyingi chanzo kikubwa ni insulini, nayo ni homoni itokayo kwenye kongosho inayoingiza sukari mwilini. Mwili wake hauiitikii insulini vyema, basi kongosho huzidisha kuitoa. Na ile iliyozidi huzichochea ovari zitoe homoni za kiume, na hulizuia ini lisitoe kile kitu kinachozishika homoni hizo katika damu. Hapo yai halipevuki likatoka kwa wakati wake, na yai lisipotoka hedhi hupotea au hubabaika. Nywele huota kidevuni, juu ya mdomo, kifuani na tumboni, na za kichwani hupungua, chunusi huzidi, na wengine ngozi ya shingo na makwapa huwa nyeusi na nene kama mahameli, hata mama akadhani binti haogi vizuri akawa anamsugua kwa dodoki. Wengi wao hunenepa, lakini si wote. Wako wembamba kabisa walio nayo, na hao ndio huchelewa zaidi kutambuliwa kwa kuwa hakuna anayewadhania. Nayo hutembea katika koo: mama, khalati, dada. Basi tukisikia kwamba "ukoo ule una jini la kuzuia uzazi", na tuulize kwanza kama wana kisukari.

Hesabu ya siku ni hii. Binti aliyevunja ungo karibuni, hedhi yake kubabaika mwaka wa kwanza si ajabu, na hata miaka mitatu ya mwanzo huenda isitulie, wala haifai kumtia khofu. Lakini ikiwa imepita miaka mitatu, na bado baina ya mwanzo wa hedhi moja na mwanzo wa nyingine hupita zaidi ya siku 35, au hupungua siku 21, au kwa mwaka mzima hazifiki hedhi 8, hapo pana jambo la kuulizwa. Kadhalika ikiwa mwaka umekwisha kupita tangu kuvunja ungo na hedhi ikapotea zaidi ya siku 90 kwa mara moja. Kadhalika aliyefika miaka 15 asivunje ungo. Kila nyumba yetu ina kalenda ya Hijria ukutani. Nukta ya kalamu kila siku ya damu inatosha, na yule anayeweka hesabu ya deni lake la Ramadhani ameshaifanya nusu ya kazi.

Hesabu hiyo ndiyo shahidi wa kwanza mbele ya tabibu. Yeye huanza kwa kuuliza, kisha hupima mimba (na bikira asikasirike, kwani hiyo ni kanuni kwa kila ambaye hedhi yake imekatika), kisha hutafuta maradhi mengine yanayofanana na haya: tezi la shingo, homoni ya maziwa inayoitwa prolaktini, na tezi zilizo juu ya mafigo. Hayo yote hupimwa kwa damu, na pamoja nayo kiasi cha homoni za kiume. Kanuni iliyokubaliwa na wataalamu waliokutana Rotterdam mwaka 2003 ni kwamba maradhi haya huthibiti kwa mwanamke mzima akiwa na mambo mawili katika matatu: hedhi iliyobabaika, homoni za kiume zilizozidi, ama kwa dalili za mwilini ama katika damu, na ovari zenye mayai machanga mengi katika picha. Nao wataalamu wa nchi nyingi mwaka 2023 walieleza kwamba mwenye yale mawili ya kwanza hana haja ya picha, na ya kwamba asiye nayo mawili yaweza kupimwa katika damu yake homoni ya mayai badala ya picha. Kwa binti ambaye haijapita miaka 8 tangu kuvunja ungo, picha haitumiki kabisa katika kuyathibitisha, maana ovari za wasichana wengi wazima huonekana hivyo hivyo.

Twalikariri hili kwa kuwa tunajua ni kitu gani kinachowarudisha kina mama mlangoni mwa hospitali. Wao huogopa kwamba binti yao ataingizwa chombo na ubikira wake utaondoka. Basi na wajue kwamba binti asiyeolewa, akihitaji picha, hupigwa juu ya tumbo, naye amekunywa maji mpaka kibofu kijae. Na ana haki ya kulisema hilo kabla hajalala kitandani. Ana haki pia ya kutaka tabibu mwanamke. Asipopatikana, basi wanavyuoni wamekwisha kueleza kwamba dharura ya matibabu humruhusu tabibu mwanamume kutazama kadiri ya haja, na awepo mahrimu wake au mwanamke mwingine pamoja naye.

Wala hatusemi kwamba kila tabibu hulijua jambo hili au hulijali. Binti wa mama yule alipopelekwa kwa mara ya kwanza kwa tabibu, aliambiwa aolewe tu, akizaa hedhi itakaa sawa. Maneno hayo hayatofautiani sana na ya mganga, ila hayakudai mbuzi. Na si huku kwetu tu: uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 kwa wanawake 1,385, wengi wao wa Marekani ya Kaskazini na Ulaya, ulionyesha kwamba thuluthi yao walikaa zaidi ya miaka 2 kabla ya maradhi yao kujulikana, na karibu nusu walikwisha kuonana na matabibu watatu au zaidi. Kwa hiyo aliyerudishwa mara ya kwanza asikate tamaa, na aende kwa mwingine pamoja na kalenda yake, na ayataje yale mambo matatu. Binti huyu alikwenda kwa tabibu wa pili, mwanamke, na yeye ndiye aliyemwuliza kwa mara ya kwanza katika maisha yake: "Nywele hizi wazinyoa mara ngapi kwa juma?" Alilia, kisha akajibu.

Kwa nini asingoje? Kwa kuwa hedhi isiyokuja si raha kama alivyodhani mama. Utando wa ndani ya mji wa mimba huendelea kunenepa miezi na miezi bila ya kutoka, na ukikaa hivyo miaka mingi huzidisha khatari ya saratani ya mahali hapo. Mwili usioitikia insulini huelekea kisukari, na mwenye nayo akishika mimba huwa karibu zaidi na kisukari cha mimba na shindikizo la damu. Kwa hiyo tabibu akishayathibitisha maradhi, hupima sukari na lehemu na shindikizo la damu, na vipimo hivyo hurejewa baada ya muda. Na huzuni, ndugu zetu, nayo imo. Wenye maradhi haya hupatwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenziwao, na si ajabu kwa binti anayekaa na ushungi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Maradhi haya hayana dawa ya kuyaondoa moja kwa moja, lakini yana dawa za kuyatuliza, na mtu huishi nayo maisha mema. La kwanza ni chakula na mwendo. Twajua twasema na watu wa mahamri asubuhi, wali wa nazi mchana na chai ya vijiko vitatu kila anapoingia mgeni. Hakuna anayetaka kuyaharimisha hayo. Lakini sukari ya kwenye chai haina udhuru, na sahani ya wali yaweza kupunguzwa ikazidishwa samaki, kunde na mboga. Mwili ukipungua hata sehemu 5 katika 100 ya uzito wake, kwa walionenepa, mara nyingi huonyesha nafuu. Na kutembea jioni si jambo la wanaume peke yao.

Katika dawa, kiko kidonge kile kile kinachotumiwa kupanga uzazi, nacho huitengeneza hedhi, huulinda mji wa mimba na huzipunguza homoni za kiume. Hapa wazazi wengi hushituka, wakauliza vipi binti asiyeolewa apewe vidonge vya wake za watu. Tunajibu kwamba dawa haina aibu ndani yake. Amali huenda kwa nia, na nia hapa ni tiba. Asiyefaliwa na kidonge hicho hupewa homoni ya siku chache ili hedhi itoke kila baada ya miezi kadhaa. Iko metfomini, dawa ya kisukari, inayousaidia mwili kuiitikia insulini. Na mwenye kutaka mtoto hupewa letrozoli ya kulipevusha yai. Katika majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 2014 kwa wanawake 750, waliopewa dawa hiyo walizaa 27 na nusu katika kila 100, na waliopewa klomifeni iliyokuwa ikitumika zamani walizaa 19. Wengi wenye maradhi haya huzaa, wengine bila ya dawa yoyote. Dawa hizi zote ni za kupewa na tabibu, si za kununuliwa dukani kwa kusikia tu.

Ama mganga, maneno yetu juu yake ni machache. Majini wapo, na Qurani imewataja. Lakini mwenye kudai kwamba amemwona jini kidevuni mwa binti, akamtoza mbuzi, amedai ilimu ya ghaibu asiyokuwa nayo na amekula mali kwa batili. Kusomewa Qurani na kuomba dua hatukatazi, bali twahimiza, lililo baya ni kuifanya dua kuwa kizuizi cha dawa, na hali Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa.

Yamebaki masuala ya fikihi tuliyoulizwa. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hedhi ndogo kabisa ni mchana na usiku mmoja, na ndefu kabisa ni siku 15, na twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15, wala haina mwisho katika urefu. Kwa hiyo binti asiyeona damu miezi sita yumo katika twahara, atasali na atafunga, na funga zake tatu za Ramadhani ni sahihi bila ya shaka. Damu inayotoka kwa sababu ya dawa, ikiwa imetimiza masharti hayo, ni hedhi kama hedhi nyingine. Na ikipita siku 15 ni istihadha: hurejea kwenye ada yake au kwenye sifa ya damu, kwa tafsili inayojulikana, na akiwa katika istihadha hujisafisha na kujifunga vizuri, hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati kuingia, na husali.

Nywele za kidevu je? Wengi wameisikia hadithi ya kulaaniwa mwenye kunyonyoa nywele za uso, wakakhofu. Imamu Nawawi ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba mwanamke akiota ndevu au masharubu, kuziondoa si haramu, bali kwetu sisi yapendeza. Ibn Jarir amekhitalifu naye, na kauli yake inajulikana, lakini madhehebu ni hayo tuliyoyataja. Binti na azinyoe au azinyonyoe, asione dhambi.

Lililo gumu zaidi ni eda. Mwanamke mwenye hedhi akiachwa, eda yake ni twahara tatu, si miezi mitatu kama wasemavyo watu barazani. Mwenye kupata hedhi kila baada ya miezi minne huenda eda yake ikakaribia mwaka, na katika muda wote huo, talaka ikiwa ni rejea, mume aweza kumrejea, na nafaka ni juu yake mume. Tumeona wanawake walioozwa baada ya siku 90 kwa hesabu ya kalenda, na ndoa hiyo haisihi. Ama ambaye hedhi imemkatika kabisa bila ya sababu kujulikana, wanavyuoni wamekhitalifiana: kauli mpya ya Imamu Shafi ni kwamba angoje mpaka imrudie au afike umri wa kukoma hedhi, na Imamu Malik amesema angoje miezi tisa kisha mitatu. Basi asijihukumie mwenyewe, wala asihukumiwe na jirani. Aende kwa Kadhi na cheti cha tabibu mkononi, kwani sababu ikijulikana na hedhi ikirudishwa kwa dawa, mlango huwa mwepesi.

Na mume anayetaka kuacha kwa kuwa mke hazai, tunamwomba kwanza naye akapimwe manii yake, kwani sehemu kubwa ya kutozaa hutoka upande wa wanaume. Tumewaona waliooa wa pili na wa tatu wasipate, na lawama ikabaki kwa wa kwanza.

Binti tuliyemtaja yumo katika dawa mwezi wa tano sasa. Nywele hazijapungua sana, naye tabibu amemwambia kwamba hizo huchukua miezi sita au zaidi. Mama yake ameuliza kama zile pesa za mganga zaweza kudaiwa. Hilo tumempelekea sheikh, na jibu lake tutalichapisha. Mwenye suala jingine katika mlango huu na aliandike bila ya jina, ampe yeyote katika mabibi wanaosomesha darsa ya kina mama.